Kidole cha nne cha shangazi

Matangani, siku ya pili baada ya kumzika baba mdogo, shangazi alianza kuhesabu kwa vidole: babu yetu, kaka yake, dada yake, sasa huyu. "Wote tumbo," akasema, akakunja kidole cha nne. "Na hakuna aliyefika hamsini." Watu wakaanza kunong'ona habari za kurogwa. Mimi nikajiuliza kama si Lynch.

Lynch ni hitilafu ya jeni zinazosahihisha makosa chembe za mwili zinapojigawa. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Mwenye nayo yumo hatarini kupata saratani ya utumbo mpana, na mwanamke pia ya mji wa mimba, tena mapema.

Ndiyo maana jaribio la CAPP2, la kuona kama aspirini inaweza kuwakinga watu hawa na saratani, linanigusa sana. Profesa John Burn wa Newcastle, Uingereza, na wenzake waliwagawa kwa kura watu 861 wenye Lynch: 427 wakapewa aspirini miligramu 600 kila siku, 434 wakapewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya kwanza: hakuna tofauti. Hapo wengi wangefunga mafaili. Wao waliendelea kuwafuatilia, na kufikia 2011 tofauti ikaonekana. Ripoti ya 2020 ilionyesha saratani ya utumbo mpana kwa watu 40 waliopewa aspirini, na 58 upande wa pili.

Jaribio la kinga halipimwi kama dawa ya homa. Anayelifadhili na atenge tangu mwanzo fedha za kuwafuatilia watu miaka kumi, la sivyo atazika jibu lililokuwa njiani. Hilo nalisema kwa uchungu, maana kidonge chenyewe ni cha bei ndogo, kinapatikana kila duka la dawa. (Usikimbilie kukinunua. Aspirini huleta vidonda vya tumbo na kuvuja damu, na jaribio lililofuata, CAPP3, lilianzishwa hasa kulinganisha dozi za miligramu 100, 300 na 600. Zungumza na daktari kwanza.)

Na sisi tuko wapi? Daktari wa kwanza aliyemwona baba mdogo aliuliza sigara na pombe, hakuuliza baba yake alikufa kwa nini. Familia isiyojulikana ina jeni gani haiwezi kuitwa kwenye jaribio lolote. Kabla ya maabara kubwa, naomba swali hilo moja liingie kwenye kila faili la mgonjwa wa saratani: nani mwingine kwenu, na akiwa na umri gani?

Nimeanza na kwetu. Nimechora ukoo kwenye karatasi ya daftari, majina manne, na umri wa kila mmoja kwa kukisia, niipeleke kliniki. Jana usiku shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, ongeza na mama yake babu. Naye lilikuwa tumbo."