UPnP kwenye ruta ya nyumbani: tuizime, au tuidhibiti?

Karibu kila mwongozo wa usalama wa ruta huanza na amri ileile: zima UPnP, yaani huduma inayoviruhusu vifaa vya nyumbani kujifungulia njia kwenye ruta. Amri hiyo ina msingi. Tatizo ni kwamba imerudiwa mno hadi sababu yake imesahaulika, na wengi wanaoitii huishia pabaya kuliko walikokuwa.

Kazi ya UPnP ni kufungua poti, yaani mlango wenye namba ambao data hupitia, bila mwenye nyumba kuingia kwenye ukurasa wa ruta. Kwa kawaida ruta hutupa kila pakiti inayokuja kutoka nje bila kuitwa, maana haijui ni ya simu, ya runinga au ya kompyuta. PlayStation, torenti na baadhi ya kamera zinahitaji kufikiwa, kwa hiyo kifaa hupiga mbiu ndani ya nyumba kwenye anwani 239.255.255.250, poti 1900 ya UDP (UDP na TCP ni njia mbili za kusafirisha data), kikiuliza ruta iko wapi. Ruta ikijibu, kifaa hutuma amri ya AddPortMapping: poti fulani ya nje, TCP au UDP, ipelekwe anwani fulani ya ndani, kwa muda fulani. Nenosiri halitajwi popote. Ukishakuwa ndani ya Wi-Fi, ruta inakuchukulia kuwa mwenyeji.

Hoja ya wapinzani iko hapo, na ni nzito. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba ukurasa wa wavuti wenye Flash, programu ya zamani ya michoro hai, ungeweza kutuma amri hizo kupitia kompyuta ya ndani, mtumiaji asijue lolote. Januari 2019 maelfu ya Chromecast, vifaa vya kurushia video kwenye runinga, zilianza kucheza video ambayo wenyewe hawakuichagua, kwa sababu poti 8008, 8009 na 8443 zilikuwa wazi kwa dunia nzima, na UPnP ilitajwa kuwa ndiyo iliyozifungua. Kamera ndiyo mbaya zaidi: inajifungulia poti yenyewe huku nenosiri lake bado ni lile la kiwandani.

Lakini takwimu inayonukuliwa zaidi inasema jambo jingine. Januari 2013 kampuni ya Rapid7 ilitangaza kwamba zaidi ya anwani milioni 80 zilijibu mbiu ya UPnP iliyopigwa kutoka intaneti. Isome tena: kutoka intaneti. UPnP ilibuniwa isikilize upande wa ndani tu. Ruta inayoitikia mbiu ya mtaani ina kasoro ya aliyeitengeneza, sawa na kengele ya mlango iliyounganishwa na kitasa. Kati ya hizo, takriban milioni 17 ziliacha wazi hata sehemu inayopokea amri zenyewe. Ripoti hiyohiyo ilifichua mashimo ya kiusalama katika libupnp, msimbo wa UPnP uliotumiwa ndani ya vifaa vingi, mashimo yaliyozibwa kwenye toleo 1.6.18. Yote hayo ni makosa ya utekelezaji. Hayathibitishi kwamba ruta iliyotengenezwa vizuri inakosea inapoisikiliza konsoli iliyo sebuleni.

Mwaka 2018 kampuni ya Akamai ilikuta kasoro hiyohiyo ikitumika: zaidi ya ruta 45,000 zilikuwa zimepandikizwa kanuni za kuelekeza watu wa nje kwenye poti 139 na 445 za kompyuta za ndani, zile za kushirikiana mafaili kwenye Windows. Kanuni hizo ziliingilia upande wa nje wa ruta.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama ruta yako inajibu mtu wa nje. Tumia kompyuta iliyo kwenye mtandao mwingine, kwa mfano data ya simu, kisha ipime anwani ya nyumbani kwako kwa programu ya nmap: nmap -sU -p 1900 --script=upnp-info, ikifuatiwa na anwani. Ikirudisha jina la ruta na toleo lake, badilisha programu yake ya ndani au ibadilishe ruta yenyewe.

Na virusi vikishaingia kwenye kompyuta? Kikulacho ki nguoni mwako: programu hasidi haihitaji kufunguliwa poti, inapiga simu nje yenyewe, na ruta inairuhusu kama inavyoruhusu kivinjari.

Sasa tazama kinachofuata baada ya kuzima. Mchezo unaonyesha NAT (mfumo wa ruta wa kuvificha vifaa vyote nyuma ya anwani moja) ya aina ya 3, yaani iliyobana, kijana wa nyumbani anatafuta dawa, anaambiwa aweke konsoli kwenye DMZ. Matokeo yake, kila pakiti ya nje isiyo na mwenyewe inapelekwa kwenye anwani hiyo moja, poti zote. Mwenye uangalifu hufungua poti 3074 kwa mkono kwenda 192.168.1.20. Miezi ikipita, DHCP, yaani mgawaji wa anwani ndani ya ruta, inampa mtu mwingine anwani ile, labda kompyuta ya ofisini, na kanuni bado ipo. Kanuni ya mkono haina mwisho. Toleo la pili la UPnP ya ruta, la 2010, linaweka kikomo cha sekunde 604,800, yaani siku saba. La kwanza, la 2001, liliruhusu sifuri, maana yake milele, na hapo sina utetezi.

Zipo ruta zinazojua kutofautisha. FRITZ!Box inatoa ruhusa kwa kifaa kimoja kimoja. OpenWrt na pfSense, mifumo huria ya kuendeshea ruta, hutumia programu ya miniupnpd. Weka secure_mode=yes ili kifaa kijifungulie chenyewe tu, kisha andika allow 1024-65535 192.168.1.20/32 1024-65535, na umalizie kwa deny 0-65535 0.0.0.0/0 0-65535. Ukisahau mstari wa mwisho, ule wa kwanza hauzuii chochote. Konsoli itengewe anwani ya kudumu kwenye DHCP, la sivyo unarudi kwenye kosa la 192.168.1.20.

Wenye ruta za 4G na 5G, ambao Afrika Mashariki ni wengi, mara nyingi wanabishana bure. Linganisha anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, kwenye ukurasa wa ruta na ile unayoonyeshwa na tovuti ya kupima IP. Zikitofautiana, na ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma ana NAT yake juu ya yako, na poti unayoifungua nyumbani inaishia kwenye ukuta wake.

Nyumba isiyo na konsoli wala torenti izime, haipotezi kitu. Yenye konsoli na ruta isiyo na chaguo ila swichi moja ya kuwasha au kuzima UPnP, iiwashe, izime UPnP ndani ya kamera zenyewe, na ikague orodha ya poti zilizofunguliwa kwa amri ya upnpc -l. Anayezima naye asiishie kwenye swichi: kanuni zilizokwisha kuingia zinaweza kubaki, kwa hiyo awashe ruta upya, na akikuta 139 au 445 kwenye orodha, airudishe kwenye hali ya kiwandani.