Mguu Ule ni Wangu

Naam, mguu ule ni wangu. Video ya mguu wangu ukizama kwenye sakafu ya trela imeshafika kwenye kundi la kwaya, na huko Tanga mama mkwe ameonyeshwa na mtoto wa jirani, kwa hiyo kukana hakuna tena. Ila Shemeji ameikata pale palipomfaa yeye. Inaanza nikiwa tayari nimezama, inaisha kabla hamjapata nafasi ya kuuliza mwenye simu alisaidia nini. Leo naisimulia nzima, nikiwa nimekaa upande mmoja kwa sababu upande wa pili bado unawasha.

Trela mnalijua, lile kuukuu la mwaka 1986, futi 18, lililonifanya niache kuegesha gari langu kwangu mwenyewe. Kwa mliojiunga juzi baada ya video: ni nyumba ndogo ya magurudumu, Wamarekani huivuta nyuma ya pikapu wakienda kulala porini. Jipya ni bei ya kiwanja. La zamani hapa Minnesota unalipata kwa bei ya simu nzuri, na mwenyewe anakusaidia kulifunga kwenye gari huku akitabasamu. Tabasamu lile ningelisoma mapema tusingefika hapa.

Chini kabisa kuna chasisi ya chuma. Juu yake zinalazwa boriti nyembamba za mbao, juu ya boriti sakafu ya plaiwudi, kisha kapeti la plastiki linatandazwa ukuta hadi ukuta kabla hata kuta hazijasimamishwa. Kuta nazo zinakalia ukingo wa sakafu. Nje ni bati jembamba la aluminiamu, ndani ubao mwembamba wa kupendeza macho, katikati sufu ya kioo ya kuzuia baridi. Na chini ya boriti, upande wa barabarani, kuna ngozi nyeusi ya plastiki ya kuzuia matope. Ikumbukeni hiyo ngozi nyeusi.

Trela za namna hii huuawa na maji. Kwenye kona, bati la ubavuni linapokutana na la mbele, kuna ukanda wa aluminiamu uliopigwa skrubu mfululizo, na chini ya ukanda kuna tepu ya butili, ule ulimbo wa kijivu unaonata. Butili ikizeeka hukauka na kuachia. Maji yanafuata skrubu, yanaingia ndani ya ukuta, yanateremka kimyakimya mpaka ukingo wa sakafu. Halafu baridi ya huku inakuja, maji yanaganda, na barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9 kuliko maji yaliyoizaa, kwa hiyo kila mwaka ufa unaongezwa upana bure. Mwenye trela wa kwanza alipoona unyevu alipaka silikoni juu ya ukanda. Silikoni ile ilifungia maji ndani. Plaiwudi ikawa na kapeti la plastiki juu, ngozi ya plastiki chini, na maji katikati hayana pa kukimbilia.

Haya yote nilikuwa nayajua. Ndiyo maana inauma.

Jumamosi nikaingia mubashara kuwafundisha namna ya kupima sakafu. Shemeji kashika simu, mimi nimevaa kaptura na kandambili kwa sababu jua lilikuwa linawaka. Nikatoa kipima unyevu chenye pini mbili, nikazikandamiza sakafuni, kikasoma asilimia 9. Nikawaambia kwa sauti ya profesa: mbao ikiwa chini ya 15 ni salama, ikivuka 20 jiandae kwa uozo. Maneno ni sahihi kabisa. Tatizo pini zilikuwa zimesimama ndani ya kapeti la plastiki, hazijaigusa mbao hata kidogo. Mlikuwa watu kibao kwenye ile live, hakuna hata mmoja aliyesema kitu! Ukitaka kupima, toboa kapeti, au pima kwa chini baada ya kukata ngozi nyeusi, pini ziingie kwenye mbao yenyewe.

Nikapima pia kwa kuchoma sakafu na bisibisi, lakini pale mlangoni, juu kabisa ya chuma cha chasisi. Hapo hata uji ungesimama. Sakafu hupimwa kwenye kingo na kwenye kona, chini ya dirisha, ndani ya kabati, chini ya kitanda, yaani popote unapolazimika kuinama. Mimi tumbo halikuniruhusu kuinama mbele ya kamera.

Basi nikaenda kona ya mbele, chini ya dirisha kubwa, nikatangaza: "Sakafu ya namna hii unaweza kuichezea ngoma ya mdumange."

Nikanyanyua mguu wa kulia. Kilo 94 za mtu mzima, mnanijua. Kisigino kikatua. Kapeti la plastiki likabonyea kwa upole, likanipokea, na kwa muda nikadhani ni laini tu kwa uzee. Hakukuwa na mlio wa mbao kuvunjika. Nasisitiza hilo, kwa sababu mbao nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Kilichosikika ni "pwaa", kama unavyoisikia kwenye video, na harufu ya ukungu na mkojo wa panya ikapanda mpaka puani kabla sijaelewa inatoka wapi. Kifundo kikapotea. Muundi ukapotea. Nikashika pazia, pazia likaja na fimbo yake na skrubu zake zote nne, kwa sababu ukuta nao ulikuwa umeoza. Goti likapita, na hapo ndipo nilipojua kwamba safari hii haina kituo cha karibu. Paja likaingia mpaka kaptura ikajikunja kiunoni. Mguu wa kushoto ulibaki juu, umekunjwa kwa namna ambayo sikuwahi kuombwa hata nikiwa shule ya msingi.

Huko chini mguu ukapenya sufu ya kioo iliyoloa, ukapita kwenye kiota cha panya, ukafika kwenye ngozi nyeusi. Mnaikumbuka? Ilikuwa imelewa maji kama tumbo la ndoo, maji ya mvua za sijui mwaka gani. Kandambili ikaitoboa. Yote yakamwagika kwa mpigo kwenye sementi, upande wa jirani, na mguu wangu ukatokea hadharani, unaning'inia, umevaa ukurutu wa sufu ya waridi.

Shemeji, ambaye dada yake nimempa maisha mazuri, akauliza, "Shemeji, umefika ardhini?"

Nikajaribu kujivuta. Mlioishi pwani mnalijua dema: samaki huingia kwa raha zake, kutoka ndiyo hesabu nyingine. Plaiwudi huwa na tabaka kadhaa, na zile za juu zilikuwa tope, lakini moja ya katikati ilibaki na uhai wa kunichoma. Vibanzi vyake vyote vimeelekea chini. Nikishuka vinanipisha, nikipanda vinaniuma paja. Kadiri nilivyovuta ndivyo vilivyonikumbatia.

Ndipo nikasikia sauti ya jirani yangu, babu mmoja mstaafu, ikitokea chini ya sakafu. Mtu mstaarabu sana. "Samahani," anasema, "huu mguu uko salama?" Nikamjibu kupitia tundu kwamba uko salama kiasi. Mbwa wake naye akaanza kuuramba unyayo. Mimi hapo natekenyeka, nikicheka vibanzi vinaingia, nikinyamaza mbwa anaongeza bidii. Kicheko kile mnachokisikia kwenye video mkaandika "bwana ana moyo", hakikuwa cha moyo.

Shemeji akatoka nje. Nikadhani anakwenda kusaidia. Alikwenda kuchukua picha ya chini.

Aliporudi alikuwa na wazo. "Shemeji, nikukatie pembeni na msumeno?" Huku ameshaushika, ule wa diski. Nikamwambia, "Shemeji, nakuheshimu sana, weka chini." Diski ile hutoka chini ya bamba zaidi ya inchi mbili, sakafu yenyewe haifiki inchi moja, na kinachofuata baada ya sakafu hapo ni mimi. Tena pembeni ya paja kulikuwa na waya za taa zinazotoka kwenye betri, na betri hakuna aliyeitoa.

Aliyeniokoa ni babu. Akakata ngozi nyeusi kwa kisu, akaondoa sufu kwa mikono yenye glovu, kisha akachukua ndoo yake ya kudekia ya plastiki, akakata kitako, akaipasua ubavuni, akaikunja kuzunguka mguu wangu na kuisukuma juu kati ya paja na vibanzi. Vibanzi vikaegemea plastiki. Akanimwagia sabuni ya vyombo na kusema nivute. Nikatoka. Kaptura haikutoka. Kipande hicho Shemeji amekikata, na kwa hilo peke yake namshukuru.

Mengine kwa kifupi. Nilichomwa sindano ya pepopunda, maana vidonda vilikuwa vimeingia uchafu. Vumbi la sufu ya kioo usilisugue: bandika tepu kwenye ngozi uvute, kisha oga maji ya baridi. Mke wangu hajasema neno, anapita tu na kutikisa mabega.

Mnaoniandikia pembeni mkiuliza sakafu inatengenezwaje: anzeni na uvujaji, sakafu baadaye. Mwagieni trela maji kwa mpira kuanzia chini mkipanda taratibu, mwenzenu awe ndani na tochi. Mkianza juu, maji yatateremka na hamtajua yameingilia wapi. Ukanda wa kona ung'olewe wote, butili ya zamani na silikoni zikwanguliwe mpaka bati libaki tupu, kwa sababu juu ya silikoni hakinati kitu, hata silikoni nyingine. Wekeni butili mpya ya upana wa inchi moja, skrubu zisizoshika kutu, na kama tundu limelegea tumieni skrubu nene kidogo. Zikazeni tena baada ya siku chache, butili huendelea kujikamua.

Sakafuni, toa betri na chomoa umeme wa nyumba kwanza. Msumeno uwekwe kina sawasawa na unene wa plaiwudi, usizidi. Kata mpaka ufike kwenye mbao isiyooza, na mkato uishie katikati ya boriti ili vipande viwili vigawane pa kulalia. Boriti iliyooza pachika mpya ubavuni mwake kwa gundi na skrubu. Ukingoni ndipo kwenye kazi, maana ukuta umekalia hapo: utegemeze ukuta kwa jeki na ubao kabla hujachomoa chochote, la sivyo utashuka nao. Plaiwudi iwe ya gundi ya nje, yaani inayostahimili maji, na kingo zake zilishwe epoksi, ile gundi ngumu ya kuziba maji, pande zote. Na zile jeki ndogo za pembeni za trela ni za kuzuia kutikisika, hazinyanyui trela. Kuna mtu alikuwa akiziamini.

Kona yangu imeshasimama. Wiki ijayo ni zamu ya tangi la choo. Live haitakuwepo, na Shemeji amepangiwa kwenda kumnunulia babu ndoo.