Nirushie Picha, Unikatie Simu

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiilaumu kampuni inayotuuzia intaneti hapa Malindi, Mji Mkongwe, kila nilipozungumza kwa video na dada yangu aliyeko Muscat na sura yake ikaganda tukiwa bado tunaamkiana. Nikipima kasi, nambari zilikuwa nzuri. Kumbe kipimo kile hutoa wastani tu, nao huficha mikatiko mifupi ambayo mazungumzo ya papo kwa papo hayaistahamili.

Mkosaji alikuwa huku kurushiana mafaili kwa simu. Kwa kawaida redio ya Wi-Fi iliyomo ndani ya simu haiwezi kusikiliza chaneli mbili za bendi moja (bendi ni fungu la mawimbi ya redio, na chaneli ni njia ndani ya fungu hilo) kwa wakati mmoja. AirDrop, njia ya kurushiana mafaili baina ya vifaa vya Apple iliyoanza mwaka 2011, hutumia Bluetooth kutambua kifaa kilicho karibu, kisha hurusha faili kwa Wi-Fi bila ya kupitia kwenye rauta, na vifaa hivyo hukutana kwenye chaneli maalumu: ya 6 katika bendi ya gigahezi 2.4, na ya 44 au 149 katika bendi ya gigahezi 5. Ikiwa rauta yako iko kwenye chaneli ya 36, redio hulazimika kuiacha, kwenda kuvisikiliza vifaa vya jirani, na kurudi, tena mara kadhaa katika kila sekunde. Anayesoma gazeti hatatambua lolote. Anayezungumza na Muscat atatambua.

Sipingi kurushiana. Bila ya njia hii, picha za harusi moja tu zingetumalizia bando la mwezi. Ninachokipinga ni ukimya wa watengenezaji, kwani kwenye skrini hakuna alama yoyote inayomjulisha mtu kwamba redio yake imegawanywa, naye hubaki kuwagombeza mafundi wasio na kosa, kama nilivyofanya mimi (na samahani sijawaomba).

Kuihamishia rauta kwenye chaneli ya 44 husaidia, kwa kuwa redio haina tena haja ya kuhamahama. Lakini kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, na bendi ya gigahezi 5 hudhoofika humo upesi zaidi kuliko ya 2.4. Ukumbini inatosha, chumba cha uani haifiki. Huko natumia ile ya 2.4, na kabla ya kumpigia dada huwataka wanangu wazime kwanza upokeaji wa mafaili, nao huninunia mpaka simu imalizike.