Wanacheka nini?

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kampuni moja kubwa hapa Kampala nilipangwa stoo, na pale stoo nilimkuta jamaa mmoja kiziwi, hodari sana wa kupanga mzigo, yaani boksi likishapita mikononi mwake hulitafuti tena. Kila asubuhi kabla ya shifti tunasimama duara, bosi anaongea Kiingereza dakika mbili tatu halafu anahamia Luganda, watu wanaangua kicheko. Siku moja jamaa akanigusa bega, akachana kipande cha boksi akaandika kwa maka: wanacheka nini? Nikachukua ile maka nikamwandikia, hata mimi sijui. Maana mimi ni mtu wa Arua, kwetu ni Kilugbara na Kiswahili, Luganda nilikuwa sina hata ya kuagiza chai.

Nimekumbuka hayo kwa sababu makampuni makubwa sasa yanaongea sana kuhusu kuajiri watu wa kila aina, wanawake, walemavu, watu wa mikoa yote, na mimi nalitaka hilo kwa moyo wote. Lakini sisi wawili tulikuwa tumeshaajiriwa jamani! Kwenye ripoti tumehesabiwa, na asubuhi tumesimama pale hatujui kilichosemwa, na mara nyingine kilichosemwa ni kwamba forklifti namba fulani breki zake mbovu, sasa hapo si utani tena, hapo mtu anaumia.

Sheria tunazo. Katiba ya 1995 kwenye ibara ya 21 inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, kabila, dini, ulemavu, hata maoni yake ya siasa. Tume ya Fursa Sawa ina sheria yake ya 2007, na ya watu wenye ulemavu ikatungwa upya 2020. Shida iko kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviandikia ripoti.

Chukua hili la kujuana. Nafasi ikitokea, kabla tangazo halijatoka imeshazunguka kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wa mtu, na siku ya intavyuu wanasoma jina lako tu wanajua umetoka magharibi, au mashariki, au kwetu West Nile, halafu swali la kwanza ni "nyumbani wapi?" Wengi wanauliza kwa wema, najua, lakini kijana aliyepanda basi usiku kucha kutoka Moroto akiulizwa hivyo moyo unashuka kabla hajaulizwa anachoweza kufanya. Mimi ningependa majina yafunikwe kwenye ile hatua ya kwanza ya kuchuja barua, basi, waone kazi na masomo.

Na lugha. Katiba inataja makabila 65, hakuna mkutano utakaozibeba lugha zote hizo, sawa, ila ukishajua kuna mtu hakuelewi, rudia kwa lugha anayoielewa, na kwa kiziwi andika au mlete mkalimani wa lugha ya ishara. Kiswahili kiko kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005 na wapo ambao bado wakikisikia wanakumbuka askari na amri zake, siwalaumu, wana historia yao, lakini pale stoo ndicho kilichotuunganisha na madereva wa malori ya Mombasa na vijana waliotoka Kongo.

Wazazi nao wasisahaulike, kwa sheria mama ana likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, baba 4, halafu mama akirudi hana hata kachumba ka kukamulia maziwa.

Sasa hivi mimi ndiye ninaongoza shifti. Kila asubuhi naandika mambo ya siku kwenye ubao kabla sijafungua mdomo, Kiingereza na Kiswahili, na yule jamaa anasimama mbele karibu na ubao. Wiki iliyopita dada mmoja mgeni, kimya tangu aanze, alisoma ubao mpaka mwisho akanyoosha mkono akasema glavu zote tulizonazo ni za mikono ya wanaume, zinamtoka akishika boksi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulisema. Nimeshapeleka ombi la saizi ndogo, bado hawajajibu, Jumatatu naenda mwenyewe ofisini kwao.