Zoezi Lilikuwa la Alhamisi

Kwa kuwa yule rafiki yangu wa Likoni keshaitupa ile video yangu ya maandamano ya Jumanne kwenye kila kundi la WhatsApp alilomo, likiwemo la harusi ya binamu yangu, afadhali mnisikie na mimi. Na kabla hatujaenda mbali: sikulia. Lile ni jasho. Mombasa hii, mwezi huu, nani hatoki jasho?

Kazi yangu mnaijua. Mafunzo ya wanaharakati vijana, kutoka kaunti ndogo zote 6, mratibu ni miye. Mwanzo tulishika sheria tupu. Nikawapigia Ibara ya 37 ya Katiba hadi wakawa wanaikariri kwenye foleni ya chai: kukusanyika, kuandamana, kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Nikaja kwenye notisi ya maandamano: isipungue siku 3, isizidi 14, jina la mwandalizi liwemo, njia itajwe, na muda uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Nikamalizia kwa maringo, "Mkifuata haya, hakuna mkubwa wa kuwababaisha." Hilo neno "mkubwa" naomba mliweke akiba.

Ijumaa, binti mmoja mpole, ambaye hata mkono hajawahi kuunyanyua darasani, akaniletea bahasha. Nikajua ni ile kazi niliyowapa, ya kuandika barua ya malalamiko. Nikaisoma vizuri tu, tena na kalamu nyekundu mkononi. Barua inalalamika kwamba nauli za washiriki hazijalipwa, na kwamba wao wanalishwa maharagwe kila uchao huku wakufunzi, meza ya pembeni, wanakula kuku wa kupaka. Wakaitaja Ibara ya 43, haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Nikasema moyoni, vijana hawa wana akili, wametafuta mfano wa karibu na maisha yao! Nikaandika pembeni: "8/10. Hoja safi. Lugha bado laini, mtajeni mhusika. Wekeni na tarehe ya mwisho." Chini palikuwa na mstari wa "imepokelewa na". Nikatia sahihi. Nikagonga na muhuri. Ndiyo, muhuri, cheka umalize tuendelee.

(Nauli, kwa wanaouliza, zilikwama kwa sababu cheki yataka sahihi mbili na mwenye sahihi ya pili alikuwa kwao mashambani. Basi nife?)

Jumanne wakaja wafadhili. Tuko kwenye mahamri ya saa nne, nawaeleza jinsi tunavyowajenga vijana wajiamini, mara nikasikia nyimbo huko langoni. Kuchungulia: vijana wangu wote, wamejipanga mistari miwili, mabango juu. Sasa nielewesheni jambo moja. Wiki hiyo tulikuwa na zoezi la maandamano ya kuigiza, dhidi ya mratibu wa kubuni wa mradi wa maji, mla rushwa. Nikaona wameliharakisha kwa ajili ya wageni. Moyo ukanijaa. Nikawaambia wafadhili, "Karibuni, mjionee wenyewe," nikatoka mbio, hamri mkononi.

Kijana aliyeshika kipaza sauti alikuwa mbichi, sauti haitoki. Nikampokonya.

"Mratibu!"

"Atoke!"

"Siwasikii! Mratibuuu!"

"ATOKE!"

"Amekula nini?"

Hapa pakawa na kimya kidogo. Wakatazamana. Kisha wote kwa pamoja: "KUKUUU!"

Nikacheka, walahi, nikacheka. Nikawageukia wafadhili, kidole gumba juu. Nikalisogelea lile bango kubwa kulisifu. Wamechora mwanamume kakumbatia sinia. "Mtazameni dhalimu huyu," nasema kwenye kipaza sauti, "kitambi hiki mmekipatia!" Mchoraji akainamisha kichwa. Nikaendelea kuangalia. Shati la drafti. Nami nina shati la drafti, lakini nani hana? Upara wa mbele. Sawa. Miwani. Mkono wa kushoto wa miwani umefungwa uzi mweusi, fundo kwa juu.

Mkono wangu ukapanda wenyewe hadi sikioni. Ukaligusa fundo.

Yule binti mpole akanisogelea, akaninong'oneza, "Mwalimu, samahani. Zoezi ni la Alhamisi."

"Na hili je?"

"Hili ni lenyewe."

Alininong'oneza kwa heshima zote. Ila kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka, kidevuni pangu, na "hili ni lenyewe" likasikika hadi jikoni, maana wapishi walipiga vigelegele. Kisha akanitolea nakala ya barua, wino wangu mwekundu umejaa, na toleo la pili limeambatishwa. Lugha imekazwa. Mhusika ametajwa. Tarehe ya mwisho: Jumanne, saa nne. Wanafunzi wasikivu kama hawa sijawahi kupata.

Basi. Sahihi ya pili ikapatikana kabla ya adhuhuri, sijui ilipaa na nini, nauli zikaingia M-Pesa, meza ya pembeni ikaondolewa. Jana kuku wa kupaka aliliwa na wote, akaishia mtu mbili mbele yangu. Nilipewa maharagwe, na aliyenipakulia alinitazama usoni.

Wafadhili nao wameandika wamefurahishwa mno na "ujasiri wa mratibu kuongoza maandamano dhidi yake mwenyewe", wanataka jambo lile lirudiwe Kwale na Kilifi. Bango linachapishwa upya, kwa rangi. Mwenye namba ya yule mchoraji anisaidie, nimwombe kitambi akipunguze.