Kivuli si shetani wetu

Wasomaji wengi wa hadithi za ajabu ninaozungumza nao hapa Mombasa hukipa kivuli kazi moja tu: ubaya tuliouficha, shetani wa ndani. Mimi siafiki. Naona kivuli ni ile sehemu yetu inayotambuliwa na watu, na ndiyo maana kukikosa ni balaa.

Mtazame Peter Schlemihl, mhusika wa mwandishi wa Kijerumani Adelbert von Chamisso katika hadithi ya mwaka 1814. Anamuuzia mtu wa koti la kijivu kivuli chake kwa mfuko usioishiwa dhahabu. Hageuki mwovu. Ila watoto wanamzomea njiani, na baba wa msichana anayempenda hataki mkwe asiye na kivuli.

Hans Christian Andersen, mwandishi wa Denmark, katika hadithi yake “Kivuli” ya mwaka 1847, alifika mbali zaidi, na huyu ndiye ninayemhusudu. Msomi wake anatoka nchi za baridi kwenda nchi za joto, na jua linakondesha hata kivuli chake. Usiku taa ikiwashwa, kivuli kinapanda ukutani hadi darini. Sisi tunalijua hilo kwa macho. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, jua la adhuhuri hutusimamia utosini na kivuli kikajikunja chini ya nyayo. Na wakati wa alasiri tangu zamani umepimwa kwa urefu wa kivuli. Kwamba kivuli kina nyendo zake, Mombasa hatuhitaji kushawishiwa.

Cha msomi yule kinaondoka, kisha kinarudi baada ya miaka kimevaa vizuri, kimetajirika kwa kuchungulia siri za watu na kuogopwa nao. Mwishowe kinamfanya msomi ndiye kivuli. Binti mfalme, ambaye maradhi yake ni kuona mno, anadanganyika pia. Kivuli kinamwambia kwamba msomi ndiye kivuli chake, na kwamba amerukwa na akili, anajidhania mtu. Anamwonea huruma, na msomi anauawa usiku wa harusi ya kivuli na binti mfalme. Hapo pananitisha kuliko jini lolote: hakuna uchawi uliomuua, ameuawa kwa sababu kila mtu amekubali kuwa mwenyewe ni yule mwingine.

Waandishi wetu wa pwani wana majini ya kutosha. Ningependa waiandike hadithi hii katika Mji wa Kale, ambako mtu huulizwa ni wa nani kabla ya kuulizwa jina: kivuli kinaitikiwa salamu barazani, kinaalikwa harusini, kinaposwa kwa heshima zote, na mwenyewe anapita asiulizwe hata hali.