Treni Imeninyang'anya Jam

Miaka kumi na moja nimechelewa kazini bila wasiwasi. Nikiingia saa tatu na robo, namwambia bosi neno moja tu: jam. Yameisha. Jam ya Thika Road hapa Nairobi haiulizwi maswali. Bosi mwenyewe ameionja, kwa hiyo anaguna na kurudi kwenye kompyuta yake. Kisha mwezi wa pili Mama Shiru akapiga hesabu ya nauli zangu za matatu nyuma ya daftari la mtoto, akalisukuma mbele yangu pale mezani, akasema, "Baba Shiru, kuanzia Jumatatu ni treni."

Nauli ni nafuu, sikatai. Lakini hakuna aliyenionya kwamba ukikata tiketi ya treni umeuza kisingizio chako.

Siku ya kwanza nilienda stesheni ya Ruiru kwa akili ya matatu. Nikaikuta inaanza kusogea. Nikapiga mluzi, nikainua mkono, nikakimbia nayo sambamba, nikaligonga behewa kofi mbili. Treni ikaongeza mwendo. Nilipokuwa nimeshika magoti kutafuta pumzi ndipo nikakumbuka kwamba kwa makanga kofi moja ni "simama", mbili ni "twende". Kosa ni langu. Na hakuna cha "nyuma iko nyingine tupu". Ratiba imepangwa kwa wanaoenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Ikikuacha, rudi steji ukanunue jam kwa bei ya wakati wa mvua.

Sasa kinachoniuma zaidi: treni haina makanga. Mimi nimelelewa kwa kugombana asubuhi. "Lete change yangu." "Mzee, songa tukae wanne." Nikifika tauni damu imechemka, niko tayari kwa kazi. Kwenye treni unakaa umenyamaza kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, unamtazama jirani akimenya yai. Utagombana na nani? Dereva yuko mbele huko, hata uso wake siujui.

Burudani pekee ni Githurai. Pale soko limekalia reli kabisa. Honi ikilia, miavuli inakunjwa, magunia yanaburutwa, na watu wanasimama kando wakitutazama kama sisi ndio tuliovamia. Kuna mama mmoja wa nyanya ambaye hasogei mpaka adabu imwishie dereva. Anavuta beseni lake kiasi cha upana wa kiganja, behewa linapita likipepea leso yake, na nyanya ya juu kabisa, ile aliyoisugua kwa aproni ing'ae, haitingishiki. Kabla mkia wa treni haujapita, mwavuli umeshafunguka.

Basi wiki ya tatu treni ikasimama Mwiki. Dakika kumi. Ishirini. Jirani akamaliza yai la pili. Kumbe reli ni moja tu, anayekuja na anayekwenda hawapishani popote wapendapo. Mmoja anangoja stesheni mpaka mwenzake apite. Nilipoingia ofisini nikasema kwa mazoea, "Jam, bosi."

"Si unakuja na treni siku hizi?"

"Ndiyo, bosi."

"Treni ishikwe na jam ya nani, mzee?"

Ofisi nzima ikacheka. Usiku huo sikulala. Nikaingia kwenye simu kutafuta ushahidi, nikasoma historia ya reli kama mtu anayejiandaa kwenda kortini. Asubuhi nikamweleza bosi kwamba reli ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa mwaka 1899, wakati Nairobi ni tope na maji baridi ya Wamaasai. Kwamba hii yetu ya Thika ni tawi la mwaka 1913, na waliliita Thika Tramway, yaani njia ya vigari vya mjini tu, kwa hiyo hata jina lenyewe halikuahidi haraka. Kwamba upana wake ni mita moja, si kama SGR, ile reli mpya pana ya mwaka 2017. Kwamba watu wa Syokimau walijengewa stesheni mpya mwaka 2012, Rais Kibaki akaenda kuifungua, wana hadi mahali pa kuegesha magari. Kwamba zile treni za dizeli za mwaka 2020 zilitoka Hispania zikiwa zimeshatumika huko, mtumba kama shati hili nililovaa.

Bosi akasikiliza yote. Akasema, "Kwa hiyo umechelewa tangu 1896."

Nilikuwa nimebakiza moja, ya Ryall. Huyu alikuwa mkubwa wa polisi. Mwaka 1900, stesheni ya Kima, alilala ndani ya behewa akivizia simba mla watu. Zamu ilikuwa yake, usingizi ukamchukua, simba akaingia mlangoni akamtoa kwa dirisha. Behewa lenyewe liko kwenye makumbusho ya reli, hatua chache kutoka stesheni kuu, nimelitazama saa ya lunchi. Nilikaa mbele yake muda mrefu nikimwonea wivu. Huyo bwana siku iliyofuata hakuna aliyemuuliza kwa nini hakufika kazini.

Tangu hapo nimenyooka. Nafika mapema, nafungua ofisi, nachemsha chai, nazeeka.

Ila jana. Gari la bosi liko kwa fundi. Yeye hukaa Kahawa, na hapo Kahawa nikamwona anapanda behewa letu, tai imekaa upande, akashika chuma kwa vidole viwili kama kina ugonjwa. Hakuniona. Tulikuwa tumeshachelewa, na Mwiki tukasimama tena. Simu yake ikalia, mteja. Bosi akafunika mdomo kwa kiganja.

"Niko hapa Thika Road, ndugu yangu. Jam ni mbaya sana leo."

Treni ikapiga honi. Bosi akageuka, tukatazamana. Nikamkaribisha yai.